Jezi Ileile, Mashabiki Wapya

Mfyuuu! Nimesonya, na msonyo wangu siurudishi. Tangu Novemba 2025 hapa kijiweni hakuna tena anayezungumzia bei ya sukari wala usajili wa Simba na Yanga. Ni Zohran, Zohran, Zohran. Mzaliwa wa Kampala kawa Meya wa New York akiwa na miaka 34, Mwislamu, msoshalisti asiyejificha, na vijana wa bodaboda wanamshangilia utadhani kura walipiga wao. Mwalimu wetu mstaafu ndiye kabisa. Anasema baba wa Zohran, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha pale Chuo Kikuu, Mlimani, miaka ya 1970, kwa hiyo na sisi ushindi huu tuna hisa yetu.

Hisa chukua, Mwalimu. Mimi nina swali moja tu. Mnasema Democrats ndicho chama cha wanyonge wa Marekani. Haya, kijana kasimama, kaahidi kuzuia kodi ya nyumba isipande, mabasi yawe bure, watoto walelewe kwa fedha za umma wakati mama yuko kazini. Kwa nini basi baadhi ya wakubwa wa chama chake walimkwepa? Chuck Schumer, kiongozi wao katika Seneti na mkazi wa jiji hilohilo, kampeni imeanza mpaka imekwisha hajatamka hadharani kwamba anamuunga mkono. Chama cha wanyonge kinamwogopa mtu anayezungumzia nauli?

Sogezeni benchi. Hili jambo lina umri wa karibu miaka mia.

Mwaka 1933 Roosevelt wa Democrats anaingia Ikulu ya Washington, mfanyakazi mmoja katika kila wanne hana kazi. Benki zinafunga milango, wakulima wanamwaga maziwa barabarani kwa sababu bei hailipi hata gharama. Roosevelt mwenyewe hakujua njaa, kakulia kwenye shamba la kifahari la Hyde Park. Lakini alijua kuchagua watu. Wizara ya Kazi akampa Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri nchini humo. Mama huyu mwaka 1911 alikuwa New York siku kiwanda cha nguo cha Triangle kilipoungua. Aliona kwa macho yake mabinti wakijirusha kutoka ghorofa za juu, maana mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano. Sasa mtu aliyeona hayo ukimpa wizara, hatakuja na makongamano.

Ndiyo maana uliberali wa Democrats wa zama zile ulihusu mfuko wa mtu. Mwaka 1935 ikapita sheria ya hifadhi ya jamii, mzee apate pensheni, aliyefukuzwa kazi apate cha kujikimu. Mwaka huohuo Seneta Robert Wagner akapitisha sheria iliyompa mfanyakazi haki ya kuunda chama na kumlazimisha tajiri akae mezani. Mwaka 1938 kikawekwa kima cha chini cha mshahara, senti 25 kwa saa. Msicheke. Senti 25 yenye sheria nyuma yake ni tofauti na senti 25 ya huruma ya bosi.

Na sheria peke yake isingetosha. Mnaijua Flint? Mji wa magari, Michigan. Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa General Motors waliingia kiwandani wakakaa. Hawakuandamana, hawakusimama getini. Walikaa ndani, kando ya mitambo, siku 44, baridi ya Januari, wake zao wakipitisha chakula madirishani. Polisi walikuja na mabomu ya machozi, wakarushiwa vyuma vya milango ya magari. Gavana Frank Murphy alipeleka askari, lakini akakataa kuwatumia kuwatoa wagomaji. Hapo ndipo pa kutia alama: dola ipo, bunduki ipo, na safari hii haikuelekezwa kwa kabwela. Februari 1937 kampuni ikasalimu amri, ikautambua umoja wa wafanyakazi wa magari. Kufika katikati ya miaka ya 1950, takriban theluthi ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye vyama vyao. Mtu anafunga nati kiwandani, ana nyumba, ana gari, mtoto yuko shule. Leo hii ni mmoja kati ya kumi, na ukitoa walimu na watumishi wa serikali wanabaki wachache zaidi.

Fundi cherehani, asiyeinua kichwa kwenye nguo mpaka awe na la maana, akauliza: "Na watu weusi nao walikuwamo?"

Fundi, umegusa kidonda. Hawakuwamo, au walikuwamo nusu. Zile sheria mbili, ya pensheni na ya kima cha chini, ziliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Kwa kusini mwa nchi hiyo, ukisema kibarua wa shamba na mfanyakazi wa ndani, umeshawataja weusi bila kuwataja. Roosevelt alihitaji kura za maseneta wa kusini, Democrats wenzake, mabwana wa ubaguzi waliokalia kamati nyingi nzito. Akazipata. Mama wa Alabama aliyefua nguo za wazungu miaka 30 akazeeka bila senti. Serikali hiyohiyo iliyokuwa ikidhamini mikopo ya nyumba iliitazama mitaa ya weusi ikasema huku hapakopesheki. Kwa hiyo anayeniletea enzi ya Roosevelt kama pepo iliyopotea, nitamsonya vilevile. Meza ilikuwa imejaa, lakini kuna watu waliokuwa jikoni wakiosha vyombo.

Sasa sikilizeni kipande ambacho wengi hukiruka. Wale waliokuwa jikoni hawakusema tupeni heshima, mishahara bakini nayo. Walidai vyote pamoja. Mzee A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya reli, mwaka 1941 alimtishia Roosevelt kwamba ataujaza mji wa Washington kwa maandamano, Roosevelt akasalimu kwa amri ya kuzuia ubaguzi katika viwanda vya silaha. Miaka 22 baadaye Randolph huyohuyo ndiye aliyeongoza yale maandamano mnayoyajua nyote, ya Agosti 28, 1963, ambapo Martin Luther King alitoa hotuba yake. Jina rasmi la maandamano yale lilikuwa la Kazi na Uhuru. Kazi imetangulia! Na katika madai yao kulikuwa na kima cha chini cha dola 2 kwa saa, wakati ule cha serikali kikiwa dola 1 na senti 15. Walter Reuther, mkubwa wa wafanyakazi wa magari, alipanda jukwaani akahutubia. Leo kila mtoto wa shule anaijua ndoto ya King. Dola mbili nani anazijua? King mwenyewe aliuawa Memphis Aprili 1968 akiwa amekwenda kuwasimamia wazoa taka waliogoma. Wazoa taka, jamani. Hakufa akiwa kwenye semina.

Rais Lyndon Johnson akapitisha sheria ya haki za kiraia mwaka 1964, ya kura mwaka 1965, na mwaka huohuo bima ya afya ya wazee na ya maskini. Ni kazi kubwa, siiondolei hata chembe. Wazungu wa kusini wakaanza kukihama chama, na kijana wa bodaboda akarukia hapo: "Basi si ndiyo hiyo mzee? Walikimbia kwa ubaguzi, hadithi imekwisha."

Ni nusu yake, mwanangu. Ubaguzi ulikuwapo na ulifanya kazi yake, asiyeuona ni mnafiki. Ila ungekuwa ndio sababu pekee, usingeweza kunieleza kwa nini baadaye hata dereva wa lori wa Kilatino na fundi mweusi walianza kukitilia chama shaka. Nusu ya pili ni fedha, na inaanza miaka ya 1970.

Vita ya Vietnam iliwagawa kwanza. Mtoto wa daktari yuko chuoni ana ahirisho la jeshi, mtoto wa mwashi yuko porini anapigwa risasi, halafu yule wa chuoni ndiye anayepiga kelele za amani. Mei 1970 wajenzi wa New York wenye kofia za kazi waliteremka kutoka kwenye majengo wakawapiga wanafunzi waliokuwa wakipinga vita. Nilipowaambia hapa kijiweni kwamba makabwela ndio waliopiga na waliberali ndio waliopigwa, watu walidhani natunga. Mwaka 1972 chama kikamsimamisha George McGovern kugombea urais kwa kanuni mpya zilizofungulia mlango vijana, wanawake na weusi, jambo la haki, ila wakubwa wa vyama vya wafanyakazi wakajikuta pembeni. George Meany, bosi wa shirikisho lao, akagoma kumuunga mkono. McGovern akashindwa katika majimbo 49.

Halafu viwanda vikaanza kufungwa. Jumatatu moja ya Septemba 1977, mji wa Youngstown, Ohio, watu wakaambiwa kiwanda kikubwa cha chuma kinafungwa. Ajira kama 5,000 kwa tangazo moja. Rais ni Carter, Democrat. Bunge lote mikononi mwao. Mwaka uliofuata vyama vya wafanyakazi vikaomba sheria iwalinde dhidi ya waajiri wanaofukuza wanaojiunga. Ikafia Seneti, chama chao kikiwa na wingi. Chama hichohicho kilipata muda wa kulegeza masharti ya mashirika ya ndege, na Carter akamteua Paul Volcker benki kuu, aliyepandisha riba ikakaribia asilimia 20 ili kuua mfumuko wa bei. Mfumuko ulikufa. Na viwanda navyo. Reagan alipowafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 mwaka 1981 kwa kugoma, alikuta mlango umeshasukumwa.

Sisi huku mwaka 1986 tulitia saini na IMF tukaambiwa hakuna njia nyingine, tukadhani maneno yale yametungwa kwa ajili ya maskini wa Afrika. Kumbe mtu wa Youngstown alikuwa ameshaambiwa vilevile, kwa Kiingereza cha nyumbani kwake.

Waliberali wakafikiri. Mwaka 1984 wamepoteza majimbo 49 kwa mara nyingine, na kufika 1988 kumwita mgombea mliberali lilikuwa tusi la kampeni. Badala ya kujiuliza nani amewaacha, wakajiuliza wamfanane nani. Wakaunda baraza lao la kukivuta chama kuelekea kwa wafanyabiashara na watu wa vitongoji vya maofisa, na humo akatoka Bill Clinton. Namkubali kwa ulimi, Clinton angeweza kuwauzia mchanga watu wa jangwani. Akawa rais, akatia saini mkataba wa biashara na Meksiko na Kanada, ukaanza kazi Januari 1994. Mwaka 1996 akafuta haki ya msaada kwa mama maskini uliokuwapo tangu enzi ya Roosevelt. Mwaka 1999 akaondoa ukuta uliotenganisha benki za akiba na zile za kubahatisha, ukuta uliojengwa 1933. Mwaka 2000 akaifungulia China biashara ya kudumu. Mwaka huo Marekani ilikuwa na ajira za viwandani kama milioni 17. Ulipofika 2010 hazikufika milioni 12. Mashine nazo zilichangia, sikatai, na George W. Bush alikalia miaka minane ya hapo katikati. Lakini mlango nani aliufungua?

Chama hiki ni timu iliyouza wachezaji, ikahama uwanja kutoka mtaa wa makuli kwenda mtaa wa mabalozi, ikapandisha tiketi, ikabakiza jezi, halafu kila msimu inalalamika mashabiki wa zamani hawana uaminifu.

Na dawa waliyompa aliyefungiwa kiwanda ilikuwa neno moja: kasome. Mwaka 1940 Wamarekani wazima wenye shahada hawakufika asilimia 5. Leo wamezidi theluthi kidogo. Hongera. Sasa piga hesabu ya waliobaki. Karibu theluthi mbili ya watu wazima wanasikia chama chao kikiwaambia, miaka 30 mfululizo, kwamba shida yenu mnayo wenyewe, hamkusoma. Mwalimu hapa alinikatiza, elimu haina ubaya. Haina, Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wako. Ubaya ni elimu kuwa masharti ya kuheshimiwa.

Na waliosoma wenyewe walikopeshwa. Deni la wanafunzi huko limefika kama dola trilioni 1.7. Mwaka 2022 Biden alitangaza kufuta hadi dola 10,000 kwa mkopaji, na 20,000 kwa waliotoka familia maskini, Mahakama ya Juu ikaukata mpango huo Juni 2023. Mimi ningefuta, deni lile ni mateso. Lakini mkae kwenye viatu vya makanika wa Ohio aliyenunua spana zake kwa mkopo wa dukani. Anasikia serikali inataka kumfutia mwanasheria. Yeye atakumbukwa siku gani?

Wakati huohuo haki zingine ziliongezeka kweli. Wanawake wamepanda, weusi wamefika Ikulu, mwaka 2015 mahakama ikahalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima, na hilo likitajwa hapa kijiweni hatulali, kwa hiyo napita. Kuna wanaosema haki hizo ndizo zilizomfukuza mfanyakazi. Nakataa. Mshahara haukuliwa na haki ya mtu yeyote. Kilichotokea ni kwamba kampuni kubwa ziligundua kuna haki ambazo haziongezi hata senti kwenye malipo, zikazikumbatia kwa mabango, na waliberali wakapiga makofi. Amazon mwaka 2020 ilitangaza kwamba iko pamoja na weusi wanaodai maisha yao yathaminiwe. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa ghala lake la Bessemer, Alabama, wengi wao weusi, walitaka kuunda chama. Kampuni ikapigana nao kufa na kupona, vikao vya kuwashawishi wakatae, mabango mpaka chooni, na kura ikashindwa. Baadaye mamlaka ya kazi ikaamuru irudiwe kwa sababu Amazon ilivuruga. Randolph angefika Bessemer na kuuliza swali lake la zamani: bango nimeliona, dola mbili ziko wapi?

Nisimwonee Biden. Yule mzee alijaribu kurudi nyumbani. Mwaka 2021 aliongeza fedha za kila mtoto, zikaingia akaunti za wazazi kila mwezi, na umaskini wa watoto ukashuka hadi asilimia 5.2, haujawahi kuwa chini hivyo. Mpango ukaachwa ufe mwisho wa mwaka, maana kura za chama chake mwenyewe hazikutosha Seneti, na mwaka 2022 umaskini ule ukaruka hadi asilimia 12.4. Mnaelewa maana yake? Walionyesha kwamba wanaweza, halafu wakaacha. Septemba 2023 akaenda Michigan akasimama na wagomaji wa magari, rais wa kwanza aliye madarakani kufanya hivyo. Lakini bei zilikuwa zimeshapanda, Juni 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1, na kima cha chini cha taifa kilikuwa dola 7 na senti 25, palepale kilipo tangu 2009. Mwaka 2024 chama cha madereva wa malori, Teamsters, kilikataa kumuunga mkono mgombea yeyote. Trump akachukua majimbo yote saba yaliyokuwa yakigombewa, wengi wa wasio na shahada wakiwa upande wake, wengi wa wenye shahada upande wa Kamala Harris. Nenda kamwambie Frances Perkins.

Tumerudi kwa mtoto wa Kampala, maana naona kijana wa bodaboda anatikisa funguo. Usiondoke, hapa ndipo pananinyima raha. Katika kura za mchujo za Juni 2025, Zohran hakubebwa na makabwela wa zamani. Mitaa mingi ya weusi na ya kipato cha chini ilimpa mpinzani wake, Andrew Cuomo. Waliombeba ni vijana wa Brooklyn na Queens wenye shahada na kodi ya nyumba inayokula nusu ya mshahara. Wale walioambiwa wasome, wakasoma. Novemba ndipo mitaa ya weusi nayo ilipomgeukia. Mwalimu anasema hiyo ni dalili njema, msomi na kuli wameishia kwenye foleni moja. Fundi anasema msomi analia leo kwa sababu limemfika yeye. Mimi niko upande wa Fundi, ila natamani Mwalimu awe sahihi.

Na msidhani meya ni sultani. Kodi ya nyumba anaiweza, kwa sababu bodi inayopanga kodi za nyumba kama milioni moja huteuliwa na yeye. Mabasi hayako chini yake, yako chini ya mamlaka ya jimbo. Kuwatoza matajiri kodi zaidi, ili malezi ya watoto yalipiwe, ni kazi ya bunge la jimbo na gavana, huko Albany. Republican hawana la kuzuia kule. Bunge zima ni la Democrats, na gavana ni Democrat.